Barua za Kale na Simu Mpya

Limeenea shauri moja miongoni mwa wauzao simu, mafundi wa kompyuta, na hata wasomi ambao ingetazamiwa wafikiri zaidi, kwamba mtu akinunua simu mpya hana haja ya kujisumbua na barua pepe alizohifadhi katika kompyuta yake ya zamani. Aandike anwani yake na neno lake la siri katika simu, barua mpya zitaanza kuingia, na za kale zikae zilipo. Shauri hili husemwa kwa upole, na mwenye kushauriwa hulipokea kwa shukrani, kwa sababu limempunguzia kazi. Walakini ni shauri baya. Ubaya wake hauonekani siku lisemwapo. Huonekana miaka mitano au kumi baadaye, kompyuta imekwisha kufa, na mwenye barua anatafuta neno aliloandikiwa na mtu ambaye hayupo tena duniani kumwandikia mara ya pili.

Ili shauri hilo lipimwe kwa haki, yafaa ijulikane kwanza barua hizo zilifikaje kuwamo kompyutani, kwa maana wengi wa vijana hawakuziona zama zile. Itifaki ya POP, iliyotungwa mwaka 1984 na kupata sura yake ya tatu mwaka 1988, ilifanya kazi kama tarishi mwenye mkoba. Ilikwenda posta, yaani katika seva, ikazikusanya barua zote zilizomngoja mwenyewe, ikazileta nyumbani, na kwa desturi ikaliacha sanduku la posta tupu. Utaratibu huo haukuwa wa kijinga. Nafasi katika seva ilikuwa haba, laini ya simu ililipiwa kwa dakika, na mtu mwenye akili alijiunga na mtandao kwa muda mfupi, akachota barua zake, akakata laini, kisha akazisoma kwa nafasi. Baada ya kuzisoma alizipanga katika folda, kama karani apangavyo majalada: za ndugu, za wanafunzi, za wachapishaji, za madeni.

Itifaki ya pili, IMAP, aliyoitunga Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, ilishika njia nyingine. Barua zilibaki posta, na msomaji alizisoma kama mtu asimamaye dirishani. Njia hii ilichelewa kuwafikia watu wa kawaida mpaka nafasi ilipokuwa rahisi. Gmail ilipofunguliwa tarehe 1 Aprili, 2004, ikiahidi GB 1 kwa kila mtu, wako waliodhani ni mzaha wa siku hiyo. Ilipofika mwaka 2007 Gmail ilikubali IMAP, na mwaka huo huo iPhone ya kwanza ikaingia sokoni. Basi mtu aliyeanza kuandika barua pepe mwaka 1996 na kubadili utaratibu mwaka 2008 ana maisha mawili ya barua. Miaka kumi na miwili ya kwanza imo katika diski ya kompyuta, na miaka iliyofuata imo katika seva. Simu huyaona maisha ya pili tu. Mwenye kumwambia mtu huyo kwamba "barua zako zote zimo simuni" amesema uwongo, ingawa hakukusudia kudanganya.

Wako wasemao kwamba barua za miaka ile hazina thamani. Ni barua za salamu, wasema, na maombi ya fedha, na majadiliano juu ya mkutano ambao ulikwisha kufanyika. Nani atazitaka? Swali hili huulizwa kwa kejeli, lakini lina jibu, na jibu lake limo katika maktaba za Kiswahili zenyewe. Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua kwa miaka mingi. Hazikuandikwa kwa ajili ya msomaji wa mbali. Ndani yake mna habari za nyumbani, kazi, fedha, vitabu na wachapishaji, mambo yale yale ambayo mdharau barua huyaita upuuzi. Ndugu yule hakuzitupa. Kwa sababu hakuzitupa, kipo leo kitabu kiitwacho Barua za Shaaban Robert 1931-1958, na mwanafunzi wa fasihi aweza kumwona mshairi akihangaika na maisha kama mtu, si kama sanamu. Hebu na afikiri mdharau barua: kama Yusuf Ulenge angaliambiwa na fundi kwamba barua za zamani "zikae zilipo", na zilipo pakawa ni sanduku ambalo ufunguo wake umepotea, ni nani angalijua hasara iliyopatikana? Hakuna. Hasara ya namna hii haina matanga.

Ziko barua za kale zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 18 waliandika watu wa Kilwa barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na baadhi yake zimehifadhiwa hata leo katika nyaraka za Goa, huko India. Zimo katika maandishi ya Kiswahili ya kale kabisa yajulikanayo. Waandishi wake walikuwa na shida za wakati wao, wala hawakudhani kwamba baada ya miaka mia tatu wataalamu wangezisoma neno kwa neno ili wajue lugha ilikuwaje. Karatasi ilivuka bahari na karne tatu. Barua ya mwaka 2003 haijavuka hata kutoka mezani hadi mfukoni.

Nchi nyingine zimekwisha kuamka. Maktaba ya Uingereza iliponunua nyaraka za mshairi Wendy Cope mwaka 2011, zilikuwamo barua pepe zipatazo 40,000. Chuo Kikuu cha Stanford kilitengeneza programu iitwayo ePADD kwa kazi hiyo maalumu ya kupokea, kuchambua na kufungulia wasomaji nyaraka za barua pepe. Haisemwi hapa kwamba kila mwalimu wa Afrika Mashariki ni Wendy Cope. Yasemwa tu kwamba barua haiwezi kuchambuliwa na mtu yeyote, mkubwa au mdogo, ikiwa imeachwa katika kompyuta iliyogeuka kiti cha kuwekea madaftari.

Hoja ya pili ya wapinzani ni nzito kuliko ya kwanza, nayo yastahili kujibiwa kwa taratibu. Wasema kwamba kampuni kubwa huhifadhi barua vizuri kuliko mtu binafsi. Zina mashine nyingi, zina walinzi, zina umeme usiokatika. Yote hayo ni kweli. Lakini kampuni huhifadhi ilichopewa, tena kwa muda ipendao. Zile barua za POP hazikupewa kampuni yoyote. Zilichukuliwa na mwenyewe. Na hata zile zilizomo katika seva zimo kwa masharti. Mwaka 2023 Google ilitangaza kwamba akaunti ya mtu binafsi isiyotumiwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na kazi ya kufuta ikaanza Desemba mwaka huo. Tafsiri ya kanuni hii kwa Kiswahili cha wazi ni kwamba mtu akifa, barua zake zaweza kumfuata baada ya miaka miwili. Iko njia, tangu mwaka 2013, ya kumteua mtu atakayepokea vitu vya akaunti iliyonyamaza, na ni njia njema. Wangapi wameifuata? Mwenye kusoma maneno haya na ajiulize mwenyewe, kisha aulize jirani yake.

Tena kampuni nazo hufa, au huacha kazi moja na kushika nyingine. Wako waliojivunia BlackBerry, na kwa miaka kadhaa ilikuwa ndiyo alama ya mtu mwenye shughuli. Barua zake zilipita katika mitambo ya kampuni yenyewe. Tarehe 4 Januari, 2022, mitambo ya huduma za simu zile za kale ilizimwa, na chombo kilichokuwa fahari ya mkono kikawa kama saa isiyo na mishale. Eudora, programu ya barua aliyoiandika Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1988, ilipewa jina la mwandishi Eudora Welty kwa sababu ya hadithi yake fupi juu ya mtu akaaye posta. Ni nadra programu ya kompyuta kupewa jina kwa heshima ya hadithi, na yapendeza kulikumbuka. Watu wengi wa vyuoni waliipenda. Mwaka 2006 biashara yake ilisimamishwa, na mwaka 2018 maandiko yake ya ndani yakakabidhiwa Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko California. Programu imepata kaburi la heshima. Barua zilizomo ndani yake, katika kompyuta za watu, hazikupata.

Aonywe hapa mwenye masanduku ya Eudora. Programu ile ilikuwa na tabia ya kuvitoa viambatisho ndani ya barua na kuviweka katika folda ya peke yake, ikiacha katika barua mstari mmoja tu wa kueleza kilipowekwa. Mtu akihamisha sanduku la barua bila folda ile, amehamisha bahasha na kuacha yaliyomo. Sura ya tasinifu, picha ya arusi, hati ya mkataba, vyote vimebaki nyuma, na mstari ule mmoja unaelekeza njia ya nyumba iliyobomolewa. Outlook ya kabla ya mwaka 2003 nayo ilikuwa na kilema chake: faili yake ya barua haikupasa kuvuka GB 2, na ilipovuka iliharibika. Wengi hawakuonywa.

Sasa iletwe habari ambayo watengenezaji wa simu hawapendi kukumbushwa. Mwaka 1997 kilitoka kidaftari cha umeme kiitwacho PalmPilot Professional. Kumbukumbu yake yote ilikuwa MB 1. Kilikuwa na kitako chake, nacho kitako kiliungwa kwa waya na kompyuta. Mwenye chombo alikiweka kitakoni, akabonyeza kitufe kimoja, na barua zilizomo kompyutani zikanakiliwa mkononi mwake. Akazisoma garini au kitandani, akaandika majibu, na aliporudi mezani majibu yakaingia kompyutani na kupelekwa. Barua ndefu zilikatwa, na viambatisho havikuja, kwa kuwa chombo kilikuwa kidogo. Lakini angalia njia yake: kutoka mezani hadi mkononi, bila kupita kwa mtu wa tatu. Simu ya leo yenye GB 128 ina nafasi zaidi ya mara laki moja ya kidaftari kile. Mwenye simu hiyo aliye na barua mezani, umbali wa mkono mmoja, huambiwa azipeleke kwanza katika seva iliyo Ulaya au Marekani, kwa gharama ya mtandao anayoilipia kwa vifurushi, ndipo azivute tena zirudi pale pale alipoketi. Programu za barua zijazo na simu hukubali kufungua barua moja moja iliyohifadhiwa kama faili, lakini sanduku zima la barua hazina mlango wa kulipokea. Hilo halikutokana na udhaifu wa chombo. Limetokana na uamuzi wa watu kwamba simu iwe dirisha la duka lao, na mteja asiwe na ghala lake mwenyewe.

Hata wema wameingia katika desturi hiyo. Thunderbird ni programu ya barua ya bure na ya wazi, na wahifadhi wa barua wana deni kubwa kwake. Ilipotolewa kwa simu za Android, Oktoba 2024, iliandaliwa njia nzuri ya kuiunganisha na ndugu yake wa kompyuta: kompyuta huonyesha mchoro wa miraba kiooni, simu huupiga picha, na mara akaunti zote zimo simuni. Akaunti, lakini si barua. Anwani na mipangilio huhama kwa kufumba na kufumbua. Masanduku yaliyohifadhiwa katika diski hubaki. Waliotengeneza hawakuwa na nia mbaya. Walichukua tu shauri lile lile lililoenea na kulifanya kuwa chombo.

Kwa kuwa mlango hakuna, watu wameruka madirisha. Wako wanaojitumia wenyewe barua za kale, moja baada ya moja, ili zifike simuni. Kazi hiyo ni ya taabu, na matunda yake ni machungu. Barua iliyotumwa upya huandikwa jina la aliyeituma upya na tarehe ya leo. Mwandishi wa kweli amesukumwa ndani ya mwili wa barua, kama mgeni aliyepewa nafasi ya ukumbini badala ya chumba chake. Si hilo tu. Kila barua pepe hubeba katika kichwa chake namba yake ya pekee, na barua ya kujibu hubeba namba ya ile inayoijibu. Kwa namba hizo programu huweza kuyapanga mazungumzo ya miaka mingi yakafuatana, swali na jawabu, ombi na kataa. Mwenye kujitumia upya amezipa barua zote namba mpya, akaukata uzi ulioshika shanga. Wako wengine wanaopiga picha kioo cha kompyuta kwa simu. Hawa hawahitaji kujibiwa kwa urefu. Picha haitafutiki kwa neno, haina kichwa, na ikipotea kati ya picha za chakula na arusi haitaonekana tena. Kugeuza barua kuwa PDF ni afadhali kidogo, kwa maana husomeka, lakini ni kukausha samaki ambaye aliletwa ili afugwe.

Njia iliyo sawa ipo, ijapokuwa ni ndefu kuliko inavyopasa. Kompyuta ya zamani ifunguliwe ingali hai, na kabla ya lolote nakala kamili ya folda za barua iwekwe katika diski nyingine. Hilo ni la kwanza, wala lisirukwe, kwa sababu IMAP haina huruma: barua iliyofutwa simuni hufutwa posta, na ikifutwa posta hutoweka katika kila chombo kilichounganishwa. Kisha katika programu ile ile ya kompyuta yenye barua iongezwe akaunti ya IMAP, zifunguliwe folda mpya katika seva kwa miaka au kwa mambo, na barua zinakiliwe humo mia chache kwa wakati. Zinakiliwe, zisihamishwe. Kila folda ikimalizika, barua zihesabiwe pande zote mbili. Mwenye haraka hataki kuhesabu, na ndiye agunduaye baada ya mwaka kwamba folda ya 2005 iliishia mwezi wa Machi, mtandao ulipokatika. Mwisho simu iagizwe kuzichukua folda hizo na kuzikalisha, kwa maana aghalabu simu hushusha barua za siku chache tu, mathalani 30, na nyingine huzionyesha zikiwa bado ziko mbali.

Asiyetaka barua zake zipite kwa kampuni ana njia nyingine. Timo Sirainen alianzisha mwaka 2002 programu ya bure iitwayo Dovecot, nayo huweza kuifanya kompyuta itumiayo Linux kuwa posta ndogo ya nyumbani. Simu ikiwa katika mtandao wa nyumba ile huzichukua barua humo kwa IMAP, na hakuna gharama ya kifurushi. Yahitaji fundi mwenye saburi, lakini vyuo havikosi mafundi.

Wakati wa kunakili yapo mambo mawili ya kuangaliwa kwa jicho la mtu wa lugha. La kwanza ni tarehe. IMAP huruhusu barua ipelekwe pamoja na tarehe yake ya kufika, lakini ziko programu zisizojali, na barua ya mwaka 2003 ikaonekana katika orodha kana kwamba imefika jana. Tarehe ya kweli haikupotea. Imo katika kichwa cha barua, na yafaa simu iagizwe kupanga kwa hiyo. La pili ni herufi. Kiswahili kimebahatika kuandikwa kwa herufi ambazo kila kompyuta duniani huzijua, na kwa hiyo barua zake huhama salama kuliko za lugha nyingi. Lakini kina kialama kimoja chenye mashaka, nacho ni kile kikaacho katika ng'ombe, ng'ambo na ng'oa. Kompyuta nyingi zilikigeuza kikawa kialama kilichopinda, na kialama kilichopinda huandikwa ndani ya mashine kwa namna mbalimbali. Programu ikikosea namna, mahali pake huonekana alama tatu za ajabu, au alama ya kuuliza, au hapaonekani kitu. Na palipofutika kabisa, ng'oa ikasomwa ngoa, mkulima aliyeandika juu ya kung'oa mihogo ameingizwa katika habari za wivu na matamanio. Mwenye kuandika kwa hati za Kiarabu alikuwa katika hatari kubwa zaidi, maana barua yake ya miaka ile, ikifunguliwa kwa jedwali la herufi lisilo lake, hugeuka mchanga mtupu. Dawa yake si kuisahihisha kwa mkono, bali kuiambia programu jedwali lililotumika, na barua hurudi kama ilivyoandikwa. Ndiyo sababu nyingine ya kuhama na barua yenyewe, na si picha yake.

Hapa mpinzani wa tatu huinua mkono. Simu huibiwa, asema; huanguka majini; husahauliwa garini. Vipi barua za maisha ziwekwe katika kitu cha namna hiyo? Mpinzani huyu amesema kweli, lakini ameelewa vibaya anachokipinga. Hakuna anayetaka simu iwe ghala. Ghala ni diski iliyo nyumbani, na diski ya pili iliyo mbali na nyumbani. Simu ni mkono wa kuzifikia. Katika nchi hizi watu wengi huufikia mtandao kwa simu tu, na barua isiyofikika kwa simu ni barua isiyosomwa. Mwalimu akiulizwa na mwanafunzi mlangoni juu ya asili ya neno ambalo mzee fulani alimweleza kwa barua mwaka 2001, hatasema "ngoja nirudi nyumbani niwashe kompyuta ya zamani." Atasema "sikumbuki." Na alichokisema mzee yule kimepotea, ingawa kipo. Simu na ifungwe kwa neno la siri, kwa kuwa barua zina siri za watu wengine pia, na ikiibiwa mwizi amepata chuma na kioo.

Wala asidhani mtu kwamba simu hazina nafasi. Barua 40,000 za herufi 4,000 kila moja ni herufi milioni 160, yaani MB 160 hivi, na vichwa vyake vikihesabiwa kuwa vyapata kiasi hicho hicho, ni MB 320. Simu ya GB 64 ingechukua mzigo huo mara 200. Kizito ni viambatisho, ambavyo ndani ya barua huongezeka ukubwa kwa theluthi moja kwa sababu ya namna vinavyoandikwa, nao mwenye shida ya nafasi aweza kuviacha katika diski. Watu hubeba katika simu maelfu ya picha za mizaha walizotumiwa na wasiowajua, kisha husema barua za baba zao ni mzigo.

Imebaki kusema juu ya vyuo vikuu, ambavyo katika jambo hili vina lawama kuliko wauza simu, kwa maana muuza simu hakuapa kulinda maarifa. Viko vyuo vinavyofunga anwani ya mwalimu mara astaafupo, na kompyuta yake ya ofisini hufutwa ili apewe mwingine. Katika kompyuta hiyo huenda mkawa na barua za miaka ishirini kati yake na washairi, wahariri, wakusanyaji wa maneno na wanafunzi waliokwenda mbali. Mabishano juu ya fasili za kamusi. Mashairi yaliyotumwa ili yasahihishwe na hayakuchapwa popote. Chuo kile kile kikisikia kwamba kuna hati ya utenzi katika nyumba fulani ya Pate, kitatafuta fedha ya gari na mashua kwenda kuiona. Ofisi ya tatu kutoka maktaba, fundi amebonyeza kitufe, na hati elfu zimeondoka bila mtu kusafiri.

Kinachotakiwa ni kidogo. Mwalimu aarifiwe mwaka mzima kabla ya anwani yake kufungwa. Maktaba impe fundi wa kukaa naye, folda kwa folda, achague mwenyewe zipi ni zake peke yake, zipi zifungwe kwa miaka kadhaa, na zipi zifunguliwe kwa wasomaji. Nakala moja iingie maktabani katika umbo la wazi la mbox, ambalo halimilikiwi na kampuni yoyote na limesomeka tangu zama za Unix. Nakala ya pili iingie katika diski yake. Na ya tatu iingie katika simu yake, atoke nayo langoni. Kazi hiyo kwa mtu mmoja yaweza kumalizika kwa siku chache. Waanziwe wale ambao kompyuta zao zimekwisha kuondolewa mezani na kurundikwa stoo, kabla stoo haijasafishwa.